Kilo Peke Yake Hazitoshi Kupima Dawa ya Mnyama

Kwenye maduka ya dawa za mifugo ya Mbeya, Mafinga na Njombe, muuzaji huanza na swali moja: ana kilo ngapi? Kwa maoni yangu swali hilo linakuja mapema mno. Kwanza ijulikane ni mnyama gani, maana ini la mbuzi halifanyi kazi kama la mbwa, na la paka ni jingine kabisa.

Chukua septrini, ambayo wengi huitoa duka la dawa za binadamu na kumsagia mbuzi. Kidonge cha kawaida kina dawa mbili za kuua bakteria, miligramu 400 za salfa na 80 za trimethoprimu, zinazosaidiana kazi. Kwa binadamu, trimethoprimu hupungua nusu kwa saa 8 hadi 10. Kwa mbuzi haifikishi hata saa moja. Baada ya saa 4, damu ya mtu bado ina karibu robo tatu, ya mbuzi haina hata sehemu moja ya kumi na sita. Hiyo ni kwa sindano. Ukimnywesha mbuzi mkubwa, vijidudu vya tumbo la kucheulia huiharibu kabla haijaingia kwenye damu. Inabaki salfa peke yake, na ukizidisha vidonge unaongeza tu masalia kwenye maziwa.

Mbwa hana vimeng'enya vya kubandika kemikali ya asetili kwenye salfa ili kuipunguza makali, ambavyo ng'ombe na binadamu wanavyo. Kwa hiyo mbwa wengine wakipewa salfa hupata homa, viungo huvimba, macho hukauka. Akianza kufumbafumba macho na kutoa tongotongo nzito akiwa kwenye dose, simamisha dawa siku hiyohiyo, umwone daktari wa mifugo.

Paka ndiye anayeonewa zaidi. Ini lake haliwezi kuunganisha fenoli, kundi la kemikali ambamo dawa ya Dettol imo, na asidi ya glukuroni ipasavyo ili mwili uzitoe, kwa hiyo Dettol inayomfaa mtu kwake ni sumu, tena huilamba kutoka kwenye manyoya. Kidonda chake kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisawazishwe.

Simbilisi (guinea pig) wa Iringa na Njombe shida yao si ini. Amoksilini huua bakteria wema wa utumbo, bakteria wabaya waitwao klostridia wakatawala. Mnyama anaacha kula, anaharisha, anakufa baada ya siku chache, na muuzaji anaambiwa dawa yake ilikuwa feki.