Nani Kafa? Hajafa Mtu, Tunajaribu Hema

Hebu anieleze mtu: binaadamu mwenye kitanda, chandarua na feni, kwa nini alipe pesa akalale chini? Tena si chini ya kwao. Chini ya bara, mlimani, kwenye baridi.

Balaa lote hili kalileta shemeji, kaka yake mama watoto. Keshapanga. Mwanzo wa Juni tunavuka na boti, tunaanza Hifadhi ya Arusha kwa Mlima Meru, kisha Kilimanjaro, tunarudi kwa kupitia Udzungwa. Kote huko tunalala hemani. Nikamwambia shemeji, mwanzo wa Juni masika ndiyo kwanza yanafunga virago, njia za msituni bado tope, na mlima wenyewe kutwa umejifunika mawingu. Si tungoje Agosti? Ati hapana, mwanzo wa msimu hapana watu. Yakhe, pahala pakiwa hapana watu, si uulize kwanza wamekimbia nini?

Mie mtu wa Unguja. Kilima chetu kikubwa, Masingini, hakifiki hata mita 150, na bado nikifika pale hushuka kwenye baskeli nikaisukuma. Leo napelekwa kwenye mlima wa mita 5,895! Shemeji ananituliza: kileleni hatufiki, tutaishia Shira, mita 3,800 tu. Hiyo "tu" yake ndiyo inayoniuma. Kila ukipanda mita elfu, joto linapungua nyuzi sita hivi. Haya, piga hesabu mwenyewe kuanzia Darajani, sokoni kwetu mjini. Na mie ni yule ambaye kipupwe kikivuma hapa mtaani nalala na soksi.

Nikapata habari kwamba njia ya Marangu ina vibanda, na ndani yake mna vitanda. Nikafurahi, nikamwendea mbio. Akanuna. Ati kulala kibandani si kupiga kambi, tutapita Machame, huko ni mahema tu. Basi Meru? Meru, anasema, utapenda, tutakwenda na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Nipande mlima kwa mapumziko, nisindikizwe na bunduki!

Chakula ndiyo usiseme. Kuni marufuku, ni jiko la gesi. Na huko juu Shira maji yanachemka kwa nyuzi 87 hivi, yaani yanatokota kabla hayajapata moto wa maana. Maharage utayangoja mpaka urudi Zanzibar. Mkwe wangu, Mungu ampe umri, kasikia hayo akasema tutafungashiwa mkate wa ufuta, tende na halua. Huyo ndiye mtu pekee mwenye akili katika safari hii, na haendi.

Nikatumwa Darajani kutafuta nguo za baridi. Glavu? Nikatolewa za kuoshea vyombo. Koti zito? Muuzaji akanitolea suti, akaniuliza harusi lini. Nikamwambia nakwenda mlimani. Akanitazama, akapunguza bei.

Halafu siku ya kujaribu hema. Shemeji kalisimamisha uwanjani kwetu, baada ya alasiri, watu ndiyo wanatoka msikitini. Sasa wewe jua mtaa wetu: turubai likisimama mbele ya nyumba, kuna msiba. Bibi wa nyumba ya pili katoka kajitanda kanga, kashaanza kulia, hajui hata anamlilia nani. "Nani kafa?" Hajafa mtu bibi, tunajaribu hema. Mwingine anauliza maziko saa ngapi. Mzee mmoja kalizunguka, kaliinamia, akanong'ona, "Mbona dogo hivi, watu watakaa wapi?" Akanitia elfu mbili mkononi, ubani. Shemeji akanyoosha mkono aipokee ati ya gesi, nikamkanyaga mguu.

Udzungwa nayo, ati twende tukaone kima wekundu na maporomoko ya Sanje, maji yanaanguka mita 170. Maporomoko sawa, hayo sina ya kusema. Lakini kima? Kima punju tunao Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, napanda daladala ya Jambiani, nawatazama, adhuhuri niko nyumbani nala wali wangu. Huo ndio utalii.

Jana tumegawana mizigo. Kilimanjaro wapagazi wana kikomo, kilo 20. Nikauliza na mie kikomo changu kilo ngapi. Kimya. Nikaandikiwa hema, jiko, mtungi wa gesi, sufuria na ile halua. Nikamuuliza, na wewe shemeji utabeba nini? Ati yeye atabeba ramani.

Ramani imo kwenye simu. Na simu ni yangu.