Kutembea na Ufukwe wa Nyasa Hakumlindi Mtoto

Kuna maneno yanayosemwa Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kila likizo ya Juni, familia zinaposhuka kutoka Mbeya, Tukuyu na hata Iringa kutafuta joto: "Msiogope, tutatembea na ufukwe tu, hatuendi katikati." Mama anatulia, watoto wanapakiwa, tanga linapandishwa. Maneno hayo yananiudhi kwa sababu yanatolewa kama dhamana. Kwa boti ya tanga, kwenye pwani ile, hayadhamini chochote.

Itazameni pwani yenyewe. Ukitoka Matema kwenda kusini, kuelekea Lumbila, Makonde na Lupingu, milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja. Kwa masafa marefu hakuna mchanga wa kuegesha. Kuna mwamba, halafu maji, na chini ya maji ukuta ule ule unaendelea kushuka. Ndiyo maana nanga, ambayo kila nahodha huitaja akiulizwa "upepo ukizidi je?", huko mara nyingi haifai kitu. Kamba ya nanga inatakiwa iwe walau mara tano ya kina, na mara saba kukiwa na upepo. Penye kina cha mita 10 unahitaji mita 50 hadi 70, pamoja na mita chache za mnyororo ili nanga ilale na kuuma. Chini ya miamba ile, mahali pengi, utatoa kamba yako yote na nanga itabaki inaning'inia majini huku boti ikisogea kwenye mawe.

Sasa uje mwera, upepo mkali wa ziwa hili. Unatoka kusini-mashariki, na unashika kasi kati ya Mei na Agosti, yaani likizo imo humo humo. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na upepo huo unalifuata kwa urefu wake, kwa hiyo wimbi linalofika Kyela, mwisho wa kaskazini, limekua njia nzima. Linafika fupi, limesimama wima, na nyuma yake liko jingine. Likigonga mwamba halifi. Linarudi na kukutana na linalokuja, na pale yanapokutana, karibu kabisa na nchi kavu tuliyoambiwa ndiyo usalama wetu, maji yanaruka bila mpangilio. Boti ya tanga ikiingia hapo inapoteza mwendo, na boti isiyo na mwendo haisikii usukani.

Upepo nao huharibika karibu na mlima. Nyuma ya rasi unakatika ghafla, tanga linalegea, watu wanapumua. Ukifika penye bonde unashuka kwa nguvu kutoka upande usioutazamia. Tanga linajaa kwa kishindo, foromali, mti unaobeba tanga, inaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na aliyesimama kwenye njia yake ni mtoto aliyeinuka kuona nyani kwenye miti. Mtoto akae chini, sakafuni, upande wa upepo, mpaka boti itie nanga. Hilo halina mjadala.

Fanyeni hesabu. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ikikatika, boti itapeperushwa, tuseme kilomita 2 kwa saa. Ukiwa mita 500 kutoka kwenye mwamba una robo saa ya kulidaka tanga lililoanguka majini, kuwatoa watoto chini yake, kupitisha kamba mpya mlingotini na kulipandisha tena. Haitoshi. Ukiwa kilomita 2 una saa nzima, na kwa saa nzima watu wazima wawili wenye akili iliyotulia wanaimaliza kazi hiyo. Kwa hiyo nasema wazi: mkiwa na watoto, kaeni kilomita 2 nje ya miamba, kisha ingieni kwa mstari ulionyooka mahali mlipopachagua kabla ya kuondoka, penye mchanga na watu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wavuvi hupita chini kabisa ya miamba na kurudi salama. Lakini mtumbwi wa gogo hauna mkuku, ule uti wa chini ya chombo, unakwenda kwa kafi, na wanaume wawili wanaupandisha juu ya jiwe. Boti yenye watu wanane, magodoro na ndoo za chakula haipandishwi popote. Nakubali pia kwamba kati ya Itungi na Matema, ambako ni mchanga na kina kinaongezeka polepole, kukaa karibu kuna maana asubuhi upepo ukiwa mdogo. Mwera ukianza, ufukwe huo huo ndio mawimbi yote yanakovunjikia. Hapo boti hukwama kwanza, kisha wimbi linaigeuza ubavu.

Kinachookoa ni tanga dogo mapema. Wengi hupunguza tanga baada ya boti kulala na watoto kuanza kulia, wakati ambapo kazi ya dakika tatu imeshakuwa vita. Lipunguze ukiwa bado ufukweni. Kwenda kusini utabisha, yaani utakwenda kwa mshazari dhidi ya upepo, utalowa, kila mtu atajua upepo ni mkali. Hatari ya kurudi imejificha zaidi: upepo ukiwa mgongoni unahisi umetulia, kumbe boti inakimbia na omo, pua yake, inataka kuzama kwenye wimbi la mbele. Kabla ya kugeuka kurudi, punguza tanga tena.

Jaketi okozi ya mtu mzima kwa mtoto si jaketi. Mvalishe, funga mikanda yote pamoja na ule wa katikati ya miguu, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Ikipanda mpaka masikioni, atachoropoka majini. Msiyakalie majaketi pia. Sponji iliyobanwa miaka miwili haielei tena inavyopaswa, na maji yasiyo na chumvi yanambeba mtu kidogo kuliko bahari.

Msiegeshe wala kuogelea kwenye midomo ya mito kama Lufilyo, kuna mamba. Kwenye matete penye maji yaliyotulia kuna kichocho.

Safari ya familia ianze saa 12 alfajiri na nanga iwe chini kabla ya saa 5. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wakitangaza kwa Ziwa Nyasa upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, hakuna kuondoka, hata kama ufukweni kunaonekana shwari na nahodha ameshachukua nusu ya nauli. Mwera unaweza kushika siku tatu mfululizo, usiku na mchana. Panga siku hizo tangu Mbeya: beba chakula cha ziada, lipia chumba cha ziada, na watoto uwapeleke kwa miguu soko la vyungu la Lyulilo.