Kibubu au mchezo: nani ajue malengo yako?

Januari ikifika, ushauri unaozunguka kwenye simu zetu kuliko mwingine wowote ni huu: fanya mambo yako kimya kimya. Usitaje kiwanja mpaka hati iwe mkononi, usitaje safari mpaka uwe umefika. Ajabu ni kwamba hao hao wanaousambaza wamo kwenye mchezo wa kazini, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, au kikoba cha mtaani, ambako kila mtu anajua fulani akipokea mwezi wa tano atanunua nini. Tunaishi na imani mbili zinazogongana, na kila moja ina watu iliyowafikisha na watu iliyowaangusha.

Nianze na kimya, maana ndiko nilikoanzia mwenyewe. Kibubu kina bubu ndani ya jina lake: kinapokea na hakisemi. Changu alinigongea fundi seremala wa mtaani kwa mbao nyembamba, hakina mlango, kina kitundu kimoja tu juu cha kupenyeza noti. Nikakiandika KIWANJA kwa maka peni, nikakisukuma uvunguni, sikumwambia mtu. Miezi minne mambo yalikwenda. Wa tano nikagundua kwamba ukikipindua, ukapenyeza kisu cha mezani kwenye kile kitundu na kukitikisa taratibu, noti inateleza juu ya bapa la kisu mpaka inachungulia, unaivuta kwa vidole viwili. Nikatoa elfu kumi ya umeme. Wiki iliyofuata nikatoa nyingine. Hakuna aliyeniuliza kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Lengo la siri unaweza kulizika usiku na asubuhi ukaamka bila msiba.

Hata hivyo wanaotetea kimya wana hoja nzito kuliko habari za kijicho. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio yao, baadhi yakiwahusu wanafunzi wa sheria waliokuwa na nia ya kuwa wanasheria wazuri. Wale ambao nia yao ilijulikana na mtu mwingine walijituma kidogo kuliko wale ambao nia yao haikusomwa na yeyote. Maelezo yao ni kwamba mtu akishatambuliwa kwa nia tu, moyo wake unapata sehemu ya raha iliyokuwa imewekewa kazi yenyewe. Sioni ugumu kuliamini hilo. Mtu anaweka picha ya bikoni za kiwanja ambacho hajalipia hata awamu ya kwanza, zinamiminika hongera mia mbili, na jioni hiyo anajisikia mwenye nyumba.

Hoja ya pili ya kimya ndiyo ninayoiona nzito zaidi, na huwa haisemwi wazi. Kinachomtisha mtu wa kwetu akitaja malengo yake ni maombi, husuda inakuja baadaye. Kusema una milioni moja ya kiwanja ni kusema una milioni moja. Kesho yake shangazi ana mgonjwa, binamu amekwama nauli, na wewe huna tena uso wa kusema sina.

Hapa kuna utafiti wa jirani zetu ambao ningependa usomwe kuliko hotuba zote za hamasa. (Ile hadithi ya Chuo Kikuu cha Yale, kwamba asilimia 3 walioandika malengo yao waliishia kuwa na mali kuliko wenzao wote, hairudiwi tena na mimi: Yale walipoulizwa hawakuona kumbukumbu yoyote ya utafiti huo.) Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na wanachama wa vyama vya kuchangiana magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Lengo lilikuwa kuweka akiba ya mahitaji ya afya, mfano chandarua. Wengine walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Wengine walipewa sanduku lile lile, ila ufunguo ukakaa kwa mtu wa mradi mpaka lengo litimie. Wengine walichangiana ndani ya chama, mfuko wa pembeni kwa ajili ya afya tu.

Ungetegemea ufunguo wa mbali ushinde. Haukushinda. Kwa matumizi ya kujikinga na magonjwa, sanduku ambalo ufunguo wake uko mbali halikuleta mabadiliko ya maana, wakati lile la ufunguo wa nyumbani liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Watu waliogopa kufungia fedha wasiyoweza kuifikia mtoto akichemka usiku wa manane. Na sanduku la nyumbani liliwapa jibu la kumpa muombaji: fedha ipo, lakini ni ya chandarua. Hela iliyopewa jina inakataa ombi bila mwenyewe kuonekana mchoyo. Mfuko wa chama ndio uliofanya makubwa kuliko sanduku.

Kwa haki lazima niseme kwamba kufuli la mbali lina ushahidi wake pia. Huko Ufilipino benki moja iliwapa wateja akaunti isiyofunguka mpaka tarehe au kiasi walichojiwekea wenyewe. Asilimia 28 ya walioombwa walikubali, na baada ya mwaka akiba za kundi zima lililopewa nafasi hiyo zilikuwa zimepanda kuliko za wengine. Lakini waliokataa ni wengi kuliko waliokubali, na wengi wao nadhani walikuwa na sababu kama za wale wa Kenya.

Sasa mchezo. Baada ya kile kisu niliingia kwenye mchezo wa watu kumi, elfu hamsini kwa wiki, zamu yangu ya nane. Kijumbe wetu, yule anayekusanya michango, hakuwa na hotuba. Ijumaa saa kumi na mbili jioni anapiga simu: "Dada, nakusubiri wewe tu." Nguvu yote iko kwenye sentensi hiyo. Anayesubiri ana zamu yake, ana mabati yake anayoyahesabu, nisipotoa mimi yeye ndiye anapungukiwa. Mamia waliotazama picha ya bikoni hawapungukiwi na chochote mtu akiacha. Ndiyo maana naona tunakosea tunapouliza kama lengo litangazwe au lifichwe. Swali langu lingekuwa: anayelijua anapoteza nini ukilitupa?

Ila jibu hilo nalo lina makali. Namjua mama aliyekopa kwa riba kubwa ili asiaibike Ijumaa, wakati mwanawe amelazwa. Kuna michezo ambayo kijumbe alizima simu wiki ya tisa, na aliyekuwa wa kumi akabaki na daftari. Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitaka vikundi vya kifedha vya kijamii visajiliwe, na ni jambo jema, lakini aibu haisajiliwi. Kikundi kisichomruhusu mtu kusema "wiki hii nimeshindwa" kinafanana na sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mwingine, na ningemshauri mdogo wangu asiingie.

Kwa hiyo mimi nimeegemea upande wa kusema, ila kwa watu wachache wenye zamu zao, na ufunguo ubaki kwangu. Bado kuna jambo moja sijalimaliza moyoni. Kile kibubu cha KIWANJA hatimaye nilikivunja kwa nyundo, mwezi wa saba, kabla ya siku yake. Dada yangu alikuwa amekaa jikoni kwangu na barua ya shule, mwanawe amerudishwa kwa ada. Hakujua kuna kibubu, nilimtajia mwenyewe. Tulihesabu noti sakafuni pamoja, tukinyoosha zilizokunjamana, ikatosha na nauli ikabaki. Kwa hesabu za wahamasishaji hapo nilifeli. Kiwanja sina mpaka leo, na yule mtoto yuko kidato cha tatu.