Ancestors: mchezo wa zamadamu unaokuacha msituni bila mwalimu

Ancestors: The Humankind Odyssey ulitoka Agosti 2019 kwa kompyuta, na Desemba mwaka huohuo kwa PlayStation 4 na Xbox One. Uliundwa Montreal, Kanada, na studio ya Panache Digital Games ya Patrice Désilets, yule aliyeongoza ubunifu wa Assassin's Creed ya kwanza. Unapewa ukoo mdogo wa zamadamu, yaani viumbe wa kale waliomtangulia binadamu, katika msitu wa Afrika, miaka milioni 10 iliyopita, na kazi yako ni kuufikisha hadi miaka milioni 2 iliyopita bila kizazi kukatika. Ramani hamna, mshale wa kukuonyesha njia hamna. Mwanzoni kabisa mchezo wenyewe unakutakia heri na kukuonya kwamba hautakusaidia sana, na kweli hausaidii.

Ukali huo ndio uliowagawa wachezaji tangu siku za kwanza. Wako wanaouita uhuru, na wako wanaosema ni uvivu wa waundaji. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nimesikia pande zote mbili zikitetewa kwa sauti ya juu, na kila upande una haki yake. Lakini mimi kilichonikamata ni swali jingine: humo ndani, nani anamfundisha nani?

Chukua kijiti. Unaokota tawi kavu, na zamadamu wako hajui la kulifanyia. Analishika tu kwa mkono mmoja. Baada ya muda anajifunza kulihamishia mkono wa pili, na hapo ndipo mkono uliobaki wazi unapata kazi. Unashikilia kitufe, unasikiliza, unaachia kwa wakati wake, na majani yanapururwa. Ukikosea wakati, unaanza tena. Halafu siku moja unapita karibu na kichuguu, unachomeka kijiti, kinatoka kimejaa mchwa. Hakuna aliyekuambia. Furaha ile ni ya kweli kabisa, na sijaiona katika michezo inayokuandikia kila hatua pembeni mwa kioo. Kama mchezo ungesema mapema "tafuta kichuguu", ungekuwa umeninyang'anya kitu.

Hofu nayo imetengenezwa vizuri. Ukivuka eneo ambalo ukoo haulijui, pembe za kioo zinaingia giza, macho ya wanyama yanakutokea kila upande, na huna dawa isipokuwa kunusa, kusikiliza na kutambua vitu kimoja kimoja mpaka akili itulie. Hapo chatu na mamba hawana haja ya kukufukuza ndipo uogope. Kutojua peke yake kunatosha.

Sasa upande wa pili. Mchezo umeweka watoto katikati ya kila kitu, na hapo nawapongeza waundaji kwa moyo wote. Ukitoka bila mtoto mgongoni, unachogundua hakikuongezei akili kama inavyopaswa. Ukimbeba, ubongo unakua. Mama au baba aliyebeba mtoto ndiye injini ya historia nzima. Lakini angalia yule mtoto anafanya nini pale mgongoni. Hafanyi kitu. Haigi, hachezei kijiti, hakosei. Kizazi kinapopita, wewe unachagua ujuzi wa kuuimarisha, nao unawaingia wazao kana kwamba ni rangi ya macho.

Sivyo sokwe wanavyojifunza. Kule Bossou, Guinea, ambako sokwe wanapasua kokwa kwa mawe, mtoto huketi karibu na mama yake miaka kadhaa akimtazama, akijaribu na kushindwa, mpaka ashike. Na sisi wa Kivu ya Kusini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Lwiro, karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega, kuna kituo cha kuwatunza sokwe kilichoanzishwa mwaka 2002. Wengi wao ni yatima wa ujangili. Mama akiuawa, mtoto hapotezi maziwa tu. Anapoteza mwalimu, na binadamu wanaomlea inabidi wajaribu kuziba pengo hilo. Katika Ancestors mtu mzima akiuawa na mnyama, unahamia mwili mwingine na ujuzi uko palepale. Mimi ningetaka ujuzi uweze kufa. Msiba ungekuwa na uzito wake.

Tena mchezo unalinganisha kasi yako na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe: umetangulia sayansi au umechelewa, kwa miaka mingapi. Inasisimua, lakini inamzoesha mchezaji kuona mageuzi ya viumbe kama ngazi moja, huyu kamzaa yule. Visukuku vyenyewe, Orrorin wa milima ya Tugen nchini Kenya au Lucy wa Hadar, Ethiopia, aliyepatikana 1974, ni vya mti wenye matawi mengi, na mengi yalikauka bila mzao. Mwanafunzi wa sekondari anayecheza aambiwe hilo.

Kinachochosha zaidi ni marudio. Baada ya saa za mwanzo, kulala, kunywa, kuzaa, kubeba na kuhama vinarudi vilevile, na ugunduzi mpya unakuja kwa nadra. Hapo wakosoaji wana haki, siwapingi hata kidogo.

Kwa vyumba vya PlayStation vya Kadutu, hapa Bukavu, ambako watu wanalipa kwa mechi ya mpira, mchezo huu haufai kabisa. Pesa itakwisha kabla hujajua kupurura tawi. Mahali pake ni nyumbani, jioni umeme ukiwepo, wadogo zako wakiwa wameketi nyuma yako. Mmoja atasema "yaya (yaani kaka au dada mkubwa), jaribu jiwe kwenye ile kokwa", mwingine atakumbuka maji yalikuwa wapi, na wa tatu ataomba ashike yeye. Waundaji hawakuweka mafundisho yale ndani ya mchezo, na mimi ningewashauri wenye kuununua wasiucheze peke yao.