Ndui, maskini na majirani wa Hampstead

Hadi miaka ya 1860, maskini wa London aliyepatwa na ndui au homa ya chawa alikuwa na milango michache ya kubisha. Hospitali kubwa zilizoendeshwa kwa michango ya matajiri kwa kawaida hazikutaka maradhi ya kuambukiza. Zilikuwapo London Fever Hospital na hospitali ya ndui ya Highgate, lakini vitanda havikutosha. Aliyebaki alipelekwa nyumba ya maskini, akalazwa jirani na wazee na yatima.

Sheria ya 1867 ikaunda Metropolitan Asylums Board, bodi iliyotibu wagonjwa kwa kodi ya jiji zima. Hospitali za Homerton na Stockwell zilifunguliwa 1871, ndui ikiwa imeshapamba moto. Wanaoisifu bodi hiyo huiona kama chanzo cha hospitali za umma Uingereza. Nakubaliana nao, ila si kwa sababu ya tiba.

Tiba yenyewe ilikuwa haba: kitanda, chakula, uuguzi. Ndui haikuwa na dawa, na kupungua kwake hakuwezi kuelezwa bila chanjo. Watoto wenye homa nyekundu walitengwa wiki nyingi. Baadhi yao waliambukizwa dondakoo humohumo wodini, na wengine waliporudi nyumbani ndugu zao wakaugua. Wakosoaji wa wakati ule walikuwa na hoja. Hata hivyo, familia iliyoishi chumba kimoja ingemtenga mgonjwa wapi? Na seramu ya dondakoo ilipofika katikati ya miaka ya 1890, wodi hizo angalau zilikuwa tayari kuitumia.

Faida kubwa zaidi naiona kwingine. Mwanzoni aliyelazwa alihesabiwa kuwa ombaomba wa parokia, yaani maskini anayetunzwa kwa msaada wa umma, na mwanamume aliyepokea msaada huo aliweza kupoteza haki ya kupiga kura. Sheria ya 1883 ikafuta aibu hiyo kwa wagonjwa wa hospitali za bodi, na kufikia 1891 mkazi yeyote wa London aliweza kutibiwa humo bure. Huruma peke yake haikufikisha mambo hapo. Tajiri alijua kwamba mpishi wake mwenye ndui akifichwa jikoni, ugonjwa utapanda ngazi hadi chumbani kwake.

Woga huohuo ulikuwa na upande wake mchungu. Wakazi wa Hampstead, mtaa wa kaskazini mwa London, akiwamo Rowland Hill wa mageuzi ya posta, waliishtaki bodi kwa kuweka wagonjwa wa ndui karibu nao. Hill alifariki 1879, kabla ya hukumu. Mwaka 1881 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, likaamua kwamba ruhusa ya kujenga hospitali si ruhusa ya kuwakera majirani. Ni rahisi kuwaona kama watu wa kujipenda, lakini uchunguzi wa daktari W. H. Power uliochapishwa wakati huo ulionyesha ndui ikizidi katika nyumba zilizozunguka hospitali nyingine ya bodi, ile ya Fulham. Yeye alishuku hewa. Wengine walishuku wageni na wafanyakazi waliotoka na kuingia. Kwa vyovyote, majirani hawakuwa wakiota.

Bodi ikakimbilia mto Thames. Meli kuukuu ya kivita, Atlas, ikageuzwa wodi, baadaye ikaongezwa Castalia iliyowahi kuvusha abiria kwenda Ufaransa, zote zikatiwa nanga Long Reach karibu na Dartford, mashariki mwa London. Majirani wa Hampstead walipata nafuu yao kisheria, na kwa sehemu kwa haki. Gharama ya umbali ikabebwa na watu wenye homa kali waliosafirishwa kwa boti kuteremka Thames.