Kawa Moja, Mikono 11

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye baraza la nyumba moja hapa Bombo, Uganda, wastaafu 11 hukaa mkekani wakishona kawa. Kawa moja tu, ya kufunikia sinia. Yumo muuguzi, wamo wajane wa wanajeshi, yumo afande ambaye hakuwahi kushika ukindu mpaka alipofiwa na mkewe. Anayemaliza mzunguko wake anampa wa pembeni, na kawa inakua kutoka kitovuni kwenda nje.

Kazi hii ni ya Wanubi, na Bombo ni kwao. Mababu zao walikuwa askari walioingia Uganda na Lugard, ofisa Mwingereza, mwaka 1891, na wanawake wao hadi leo wanashona kwa rangi kali zinazoita jicho. Sisi si Wanubi, tulihamia tu. Lakini mama alikaribishwa barazani, nami nikamfuata.

Ukiitazama kawa ile kwa karibu, unaona mkono wa kila mtu. Wa afande umebana. Bibi anayemfundisha alipitisha kidole juu yake akasema, "Afande, umevuta mno. Ukivuta hivi inajikunja, utatutengenezea bakuli." Akajibu, "Ndiyo, Mama," akafumua nusu ya mzunguko. Wa mama yangu umelegea, maana vidole vyake vinauma. Huo hakuna aliyeufumua. Aliyepokea alikaza kidogo wa kwake, kawa ikakaa sawa.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja wa mradi. Akawaambia waache kawa, kila mmoja ashone vikapu vidogo 10 vya kipimo kimoja, vipelekwe Kampala vikauzwe. Nia yake ilikuwa njema. Baada ya wiki tatu, barazani walibaki watu wanne. Wenye mikono mizito waliona aibu kuhesabiwa vikapu. Mama alirudi kukaa chumbani na redio yake, na mimi nilikuwa natoka kazini jioni nakuta hajazungumza na mtu tangu asubuhi. Jambo hilo bado linaniuma.

Najua hela zinahitajika. Ruzuku ya wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na huipati mpaka uzeeke sana. Ukinunua sukari, sabuni na dawa ya maumivu, imekwisha. Anayetaka kuuza na auze. Ninachokataa ni kwamba kila tunapowaletea wazee sanaa, swali la kwanza linakuwa soko, na kazi ya pamoja inakatwa vipande ili kila mtu apewe hesabu yake.

Wasoga wa mashariki mwa Uganda wana bigwala, baragumu za vibuyu, tano au zaidi, na kila moja hutoa sauti moja tu. Wimbo haupatikani mpaka kila mpigaji apulize kwa zamu yake. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka bigwala kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa walioijua vizuri walikuwa wamebaki wazee wachache sana. Huwezi kumpa mzee mmoja baragumu moja akapige nyumbani kwake ukasema umeiokoa bigwala. Ndivyo ninavyoiona kawa ya Bombo.

Kwa hiyo wenye vyama vya wastaafu, na wenye fungu la maendeleo ya jamii, nawaomba vitu vidogo: ukindu, rangi, sindano, na nauli ya boda kwa wasioweza kutembea. Kisha waacheni waamue wenyewe wanashona nini.

Wa barazani kwetu walishaamua. Wamerudi wote 11, na kawa yao haitauzwa. Itakaa kila nyumba kwa zamu, na pakiwa na arusi au matanga itafunika sinia huko. Sasa imefikia upana wa sahani. Afande anataka ukingo wa kijani, Bibi anasema zambarau, na Jumamosi hii zamu ya kushona ni ya mama. Tangu juzi ameniomba mara mbili nimchemshie maji ya kuloweka vidole.