Deni Langu Katika Mashimo 18

Mimi ni seremala wa Ndeeba, mtaa wa Kampala, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimewadai watu fedha zangu katika mazingira ya kila aina: msibani, harusini, hospitalini, na mara moja katika foleni ya kupiga kura, mahali ambapo mdaiwa hawezi kukimbia bila kupoteza nafasi yake. Sikuwahi kudai fedha huku nikitembea nyuma ya kijipira.

Chanzo ni kabati la mvule la milango mitatu, nililomtengenezea mkubwa mmoja kabla ya Ramadhani, na ambalo hadi leo linatunza mashati yake bila kulalamika. Alibakiza shilingi 700,000. Nikimpigia simu yuko mkutanini, nikimwandikia ananijibu kwa picha ya viganja viwili vilivyounganishwa, na nikienda nyumbani kwake mbwa hubweka kabla sijashuka kwenye bodaboda, kwa maana wamekwisha kunizoea kwa jina la mdai. Wiki iliyopita aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: "Fundi, nifuate klabuni Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, tumalizane huko huko." Klabu yenyewe ni ya gofu, ya wanachama peke yao, na imekuwapo tangu enzi za Waingereza, jina lake nalihifadhi, kwa sababu bado natumaini kuwauzia viti.

Askari wa langoni, kijana mwenye adabu tele, alinikagua kuanzia viatuni hadi shingoni, na shingoni ndipo safari yangu ilipokwama, kwa kuwa fulana yangu haikuwa na kola. Ilikuwa safi, tena Mama Zaituni aliipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe, lakini niliambiwa kwa upole kwamba kanuni haisemi kitu kuhusu pasi. Nimewahi kusimama mahakamani bila kola na hakimu akanisikiliza! Aliyeniokoa ni kedi mmoja, yaani mbeba fimbo za wachezaji, kijana wa Arua, ambako pia husemwa Kiswahili, ambaye alipokisikia Kiswahili changu cha Bombo alinipokea kama mjomba aliyepotea, akaniazima shati lake la akiba. Lilikuwa shati la mtu mwembamba, na tangu nilipofunga kifungo cha mwisho nilipumua kwa zamu, mara pafu la kulia, mara la kushoto.

Kusema kweli, ndani kunapendeza. Ukoka umenyolewa vizuri kuliko kichwa changu, na kuna miti mikubwa ambayo macho yangu yaliigeuza mbao bila kukusudia: hapa vitanda vitatu, pale meza ya watu kumi na wawili na stuli ya kubakiza. Karakana yangu ina upana wa kitanda kimoja na nusu, hivi kwamba nikiranda ubao mrefu ncha yake humsalimia muuza chapati wa jirani. Kumbe watu wengine wametengewa bonde zima kwa ajili ya kupoteza mipira. Ukutani kuna ubao wa majina ya manahodha wa klabu, yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu, na ukiyasoma kutoka juu unakutana na Waingereza watupu, hadi unapoupita mwaka 1962 ndipo majina yetu yanapoanza kujitokeza, kwanza moja moja, kisha kwa mfululizo. Niliugonga ule ubao kwa kidole. Mvule wa zamani, umekaushwa inavyopasa. Aliyeutengeneza nadhani alilipwa siku ile ile.

Mkubwa wangu alinikaribisha kwa furaha na kunitambulisha kwa mwenzake kuwa mimi ni "rafiki yangu fundi", bila kutaja kabati. Nilipokohoa ili nianze mada, alinyanyua kidole: mtu akitaka kupiga mpira, watu wote hunyamaza. Nilinyamaza. Ikawa kila ninapofungua mdomo kuna mtu anataka kupiga mpira, na sijawahi kuona mchezo uliobuniwa kwa hekima kubwa namna hii kwa manufaa ya wadaiwa.

Kisha akamwambia kedi ampe "wudi". Hapo nilichangamka, maana nilifahamishwa kwamba neno hilo maana yake ni mti, nikajua tumefika katika fani yangu. Kijana akachomoa fimbo yenye kichwa kikubwa kama ngumi ya bondia, nikaigusa, nikakuta chuma kitupu. Alinieleza kwamba zamani vichwa hivyo vilichongwa kwa mti wa Marekani uitwao persimmon, lakini siku hizi hutengenezwa kwa titani, na jina peke yake ndilo lililobaki. Mimi nikimuuzia mteja kabati la chuma nikaliita mvule nitalala kituo cha polisi. Isitoshe, sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14, na mkubwa alikuwa nazo zote 14, ilhali mimi natengeneza kitanda kizima kwa nyundo moja na msumeno ambao huazimwa na mtaa mzima.

Kitu kimoja kilinigusa moyo. Tulipofika kwenye shimo la kwanza nilichomoa futi yangu nikapima upana wake, nikapata milimita 108, na kedi akanihakikishia kwamba ndivyo yalivyo mashimo ya gofu dunia nzima. Nilikaribia kutokwa na machozi. Katika mji huu sijapata kuona nyumba mbili zenye fremu za mlango zilizo sawa, hata zikiwa za mwashi mmoja, na kila mlango huuchonga kama ninayemtibu mgonjwa mpya.

Njiani mkubwa alinisimulia historia, pengine ili nisipate nafasi ya kusimulia ya kwangu. Alisema kwamba mwaka 1457 bunge la Scotland lilipiga gofu marufuku kwa sababu iliwafanya watu waache mazoezi ya upinde, nami nililipenda sana bunge hilo. Alisema pia kwamba uwanja wa St Andrews, huko huko Scotland, ulikuwa na mashimo 22 kwa mzunguko, hadi wazee wa huko walipoyapunguza kuwa 18 mwaka 1764. Nawashukuru kwa yale manne. Na huko Jinja, alisema, palikuwa na kanuni kwamba mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuuinua bila adhabu. Nikamuuliza kama kanuni hiyo inahusu mipira peke yake, kwa sababu kuna kitu changu ambacho nacho kimezama mahali fulani na ningependa kukiinua. Akacheka sana, akapiga mpira kichakani.

Tuliutafuta. Kanuni inatoa dakika tatu, kwani tangu mwaka 2019 zile tano za zamani zimepunguzwa, na zikipita mpira huhesabiwa kuwa umepotea. Watu wazima wanne, mmoja akiwa na shati la kubana, tuliinama kutafuta kitu chenye uzito usiozidi gramu 46, wakati shilingi 700,000 zimepotea tangu kabla ya Ramadhani na hakuna aliyeinama. Kaloli mmoja, yule korongo mkubwa wa majalalani, alisimama kando akitutazama kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Nilielezwa kwamba katika mchezo huu matokeo mazuri hupewa majina ya ndege, kuanzia kidege hadi tai, lakini kaloli wetu, anayeonekana uwanjani kuliko wote, hakupewa hata shimo moja la kumkumbuka.

Shimo la saba ndilo lililonifumbua macho. Pale nilihesabu mapigo yake kwa makini, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yangu, nikapata saba: mawili yalikuwa mchangani, na moja liliuacha mpira pale pale ulipokuwa. Mkubwa akatoa kalamu, akatazama angani kidogo, akaandika tano. Nikamtazama kedi, kedi akatazama kaloli.

Saa sita na nusu tulimaliza la 18. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, kola imenikata shingo, na kedi alilipwa taslimu kabla mkubwa hajavua glavu. Nikajisogeza na mimi. Mkubwa akanishika bega kwa upendo, akasema: "Fundi, tulibakiza laki tano, sivyo?"

Nikamwambia, "Mheshimiwa, ni saba. Hili nalo nilihesabu mwenyewe."

Alicheka kidogo kuliko mara ya kwanza, akanipa laki mbili, akasema zinazobaki tutazungumza Jumamosi ijayo, saa ile ile, shimo la kwanza. Tena nije na futi, kwa sababu anahitaji kabati dogo la kuhifadhia zile fimbo 14. Nimemweleza kwamba hilo litalipiwa kabla sijakata ubao. Kwa sasa Mama Zaituni yuko kwenye cherehani, anaishonea kola fulana yangu.